Mkono wa Baba Mkwe Ndani ya Kishikwambi

Anti Teresia, shikamoo. Nakusoma kila toleo hapa Mpemba, Tunduma, nikiwa kwenye kibanda changu cha kava za simu na chaja, na sikuwahi kufikiria kwamba na mimi siku moja nitashika kalamu nikuandikie, lakini nimekwama, naomba unisaidie kuchagua app ya kupigia ngoma, na tafadhali usinicheke kwa sababu najua wenzangu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi na mimi nakuletea habari za kishikwambi.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu na ndiye ninayetengeneza muziki, kishikwambi nilikinunua mwenyewe ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na humo nimeweka app mbili ambazo nimezijaribu mpaka macho yameuma. Ya kwanza ina midundo iliyopigwa tayari, unagusa tu inaanza, ngoma, matoazi, makofi, kila kitu safi, lakini bila bando haifunguki na ukiwa na bando inaleta matangazo, juzi kwenye mazoezi katikati ya pambio la kuabudu spika ikatoa tangazo la kubeti na mchungaji amefumba macho. Ya pili inakuja tupu, ni miraba tu kwenye kioo, wewe mwenyewe unarekodi pigo moja moja, unaliweka kila moja kwenye mraba wake, halafu unagusa miraba kwa vidole na wimbo unakwenda. Hii haitaki bando wala haina matangazo, ila kazi yake ni kubwa, na ina tabia ya kunyoosha mapigo, yaani ukipiga kwa kuchelewa kidogo yenyewe inalivuta pigo lako mpaka kwenye mstari, kuna mahali pa kuizima hiyo tabia lakini nilipaona kwa shida.

Sasa Anti, sauti za kuweka kwenye ile miraba nilizitoa wapi, hapo ndipo palipoharibika. Ngoma ya kwaya yetu inapigwa na baba mkwe wangu, mzee Ambwene, tangu kwaya ianze. Yeye anachelewa kidogo nyuma ya wimbo, makusudi, na kina mama wanakanyaga palepale kwenye kuchelewa kwake, asipokuwepo hatua zao zinagongana utafikiri hawajawahi kucheza pamoja. Lakini vidole vyake vimeanza kukakamaa, baridi ya asubuhi ikimkuta hawezi hata kukunja ngumi, na kwaya imepanga kwenda studio Vwawa kurekodi, ndipo mwenyekiti wetu dada Ikupa akaniambia, "Mama Rozi, tafuta app bwana, mzee apumzike na sisi tupate biti inayoeleweka." Mimi nikaona heri nimuweke mzee mwenyewe kwenye miraba kuliko kuimbia ngoma za watu tusiowajua.

Tatizo ni kwamba nyumba niliyoolewa ni ya Wandali wa Ileje, na humo mkamwana hakai na baba mkwe. Kwetu Mlowo sikulelewa kwa ukali huo, ila nilipoingia niliufuata, simtazami usoni, simpi kitu mkononi, tukikutana njiani napisha, hata kwenye kwaya kinanda changu kiko nyuma yake, ananipa mgongo, na hivyo ndivyo tulivyoimba miaka yote bila kusemeshana. Mtu ambaye hamsemeshani utamwambiaje piga pigo moja, nyamaza, sasa piga lingine? Basi nikavizia siku aliyokuwa anajaribisha ngoma uani kwake, nikaweka kishikwambi kwenye dirisha la jiko la mama mkwe, nikakifunika kitenge, nikarekodi. Nyumbani nikakaa nikakatakata, pigo la kiganja peke yake, la vidole peke yake, la ukingoni peke yake, na nikuambie ukweli nilifurahi, sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile. Pigo moja tu, tena tamu kuliko yote, alikuwa amekohoa kidogo kabla ya kulipiga na kikohozi kikagandana nalo, nikajaribu kukiondoa nikashindwa, nikakiacha.

Siku ya mazoezi nikaunganisha na spika nikaanza kugusa. Baba mkwe alikuwa amekaa mahali pake, mikono iko mapajani, ngoma yake haijaguswa, na ngoma inalia. Akageuza kichwa akanitazama, mimi nikainama. Halafu ule mraba wa kikohozi nao ukafika zamu yake, vijana wa besi wakaangua kicheko, mmoja akaja akaugusa tena na tena, kikohozi na pigo, kikohozi na pigo, "Mzee amekwama hapo!" anasema, na mimi sikuzima kwa sababu na mimi nilikuwa nacheka. Baba mkwe akachukua kofia yake akatoka.

Hajarudi kwenye kwaya hadi leo. Jumapili anakaa benchi la nyuma kabisa na haimbi. Ngoma akampa mume wangu ailete kwangu, na maneno yake yalikuwa haya, "Mpelekee mkeo, yeye ndiye mpigaji sasa." Iko jikoni kwangu, kila nikipika naiona. Mume wangu anasema mzee atazoea tu, mbona hata simu alizoea. Ikupa anasema nitumie ile ya midundo tayari tuendelee na safari, studio haitusubiri. Kina mama wanasema midundo tayari hawataicheza, labda wanunuliwe viatu vya kizungu kwanza. Mimi naona ya pili ndiyo bora, ila naogopa. Nichague ipi, Anti? Na kama mzee amekwisha kunipa ngoma, si ina maana ameniachia na sauti yake niitumie?

Mkamwana, Mpemba

ANTI TERESIA ANAJIBU

Marahaba, mkamwana. Sikucheka, ila kwenye lile tangazo la kubeti nilicheka, na nina hakika hata mchungaji wako alicheka alipofika kwake.

Tumalize kwanza la app. Chukua ya pili. Kwaya ya huko Tunduma, yenye umeme na bando la kubahatisha, haiwezi kutegemea kitu kinachotaka mtandao ndipo kipige ngoma. Hiyo tabia ya kunyoosha izime kabla hujarekodi chochote, na kila ukianza wimbo mpya angalia tena, maana app nyingi hujiwashia. Kuchelewa kwa mzee ndiko wimbo wenyewe, ukikunyoosha umebaki na kelele. Halafu kabla ya safari ya Vwawa, jaribu kama app inatoa kazi yako kwa namna ambayo fundi wa studio ataifungua kwenye mashine yake. Ziko zinazofungia kazi ndani mpaka ulipie, na hilo watu huligundua wakiwa wameshavaa sare. Ile ya kwanza baki nayo ya kujifunzia, wala usiipeleke kanisani tena.

Umeona? Hilo halikuwa gumu, na ninavyokusoma wewe mwenyewe ulikuwa na jibu lake kabla ya kuandika. Umenieleza miraba, bando na matangazo kwa kirefu, na baba mkwe wako ukamuulizia kwa mstari mmoja mwishoni, tena kwa ujanja.

Unasema mila ya nyumba ile ndiyo iliyokuzuia kumwomba. Acha hizo! Mila ilikuzuia kumtazama. Ni nani aliyekuzuia kumtuma mtu? Mjukuu wake akiumwa hapati habari? Wewe ukitaka shamba la kupanda maharage si unampelekea ombi? Zinapita kwa nani hizo? Mume yupo, mama mkwe yupo, tena dirisha ulilotegeshea ni la jiko lake. Nyumba zenye mwiko kama huo ndizo zenye wajumbe wengi kuliko nyumba nyingine zote. Wewe uliogopa kwamba atakataa, basi, na hofu hiyo ndiyo uliyoifunika kitenge. Heshima ya kuinamisha macho umeishika vizuri sana, ile ya kuuliza umeiruka.

Nakuonea huruma, maana nia yako ilikuwa njema kuliko ya mwenyekiti wako. Yeye alitaka mzee aondoke taratibu, wewe ulitaka abaki anasikika. Lakini mzee angeijuaje nia yako? Anachokijua ni kwamba vidole vyake vimeanza kumkatalia, na katika hofu hiyohiyo akakuta ngoma yake inalia mikono yake ikiwa mapajani, na kikohozi chake kimegeuzwa mchezo mbele ya watu aliowafundisha kukanyaga. Na wewe ulicheka. Sina namna ya kukupambia hapo, mwanangu.

Halafu usijidanganye kuhusu ile ngoma. Hakukuachia kitu. Mzee anayemrithisha mtu ngoma humwita, watu wakakaa, akaeleza inaanikwaje na inakazwaje. Huyu alikurudishia kwa hasira, na hasira yake ina haki. Kwanza itoe jikoni, moshi utaiharibu ngozi.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mama mkwe, wewe mwenyewe kwa miguu yako, usimtume mume anayesema mzee atazoea. Mweleze yote, la dirisha lake, la kitenge, na la kicheko chako, usikate hata kipande. Muulize mkamwana wa nyumba ile anapomkosea baba mkwe anapeleka nini, na chochote atakachokutajia, kuku au kitambaa, kipeleke bila kubishana. Ngoma irudishe kwa mkono wa mume wako. Ombi lako lipitie kwa mama, nalo liwe fupi: umekosa, na unauliza kama atakubali kurekodiwa akijua. Akikubali, apige mchana vidole vikiwa vimepata joto, mumeo ashike kishikwambi, wewe ukae nyuma kama siku zote. Asikilize kila pigo, na asilolipenda litoke. Studio Vwawa muombe fundi amrekodi akipiga wimbo mzima kwa mkono wake, na ile miraba iwe ya kumsaidia siku ambazo vidole vimegoma. Dada Ikupa naye, ambaye najua atasoma hapa, awasimamishe wale vijana wa besi kwenye mazoezi waombe radhi kwa midomo yao, na tarehe ya studio isogezwe. Vwawa haihami.

Na akikataa? Amekataa. Mtaimba kwa kinanda na makofi, hatua za kina mama zitagongana, na mtavumilia mpaka yeye mwenyewe atakapomchagua wa kumfundisha. Usimzungushie wajumbe wapya kila wiki mpaka achoke aseme ndiyo, hiyo nayo ni dirisha na kitenge.

Bado kuna kitu kimoja. Pamoja na barua yako ulituma kipande cha sauti kwenye simu ya ofisi, chini yake umeandika, "Sikia mwenyewe Anti, utamu wake." Huenda ni kitamu kweli. Sikukifungua, nimekifuta, kwa sababu mwenye mkono hajaulizwa. Cha kwako kifute leo, pamoja na mapigo yote yaliyo kwenye miraba, kabla hujatoka kwenda kwa mama mkwe, ili utakapomwambia umefuta, uwe umefuta.