Mvua Ilivyonikuta Barazani

Hafsa, shoga yangu, mwenzio nimeumbuka. Sijui uso wangu niuweke wapi.

Si unajua leo baraza la madiwani lilikuwa linapitisha sheria ndogo ya majitaka? Hoja ya kupiga marufuku kutapisha vyoo nimeisimamia mimi. Nikasema kwa ukali, "Wanaosubiri mvua wafungulie vyoo vyao mtaani hawana haya!" Ukumbi mzima makofi.

Nimekaa tu, mvua ikaanza. Simu ikaita, mume wangu. Nikajua mwanangu Zaidi, niliyemwacha na homa, kazidiwa. Na simu yangu mbovu hii bila laudspika sisikii kitu, na kipaza sauti mbele yangu sijakizima.

"Mama Zaidi, mvua ndiyo hii. Nitapishe choo?"

Hafsa! Ukumbi mzima umesikia. Nitapishe choo!

Na mimi, kwa mazoea, nikamjibu: "Ngoja kwanza ikolee."

Ngoja ikolee!! Kwa mdomo wangu huuhuu.

Wamecheka mpaka mwenyekiti kajifunika uso kwa kabrasha. "Mheshimiwa Warda, bado unaunga mkono hoja yako?" Nikanyoosha mkono. Ningefanyaje?

Kicheko ningekimeza. Ila kule nyuma alikaa Bi Mwanamkuu, jirani yangu wa bondeni, na hakucheka. Yeye ndiye aliyeniomba niipeleke ile hoja. Kila masika analalamika uani kwake kunanuka, na mimi huwa nampelekea udi afukize, nampa na pole.

Leo kaniangalia tu. Kavuta ushungi wake, kaziba pua, katoka.