Kilio cha Fundi Abibu

Commune ya Kenya,
Lubumbashi,
Alhamisi, 19 Juni 2025

Mpendwa Yaya Anaclet, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu ya Juni. Najua huko Liège mngeiita joto, lakini hapa imetufanya tutoe makoti sandukuni. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yangu bado anafanya kazi za usiku? Na mwanao Kiki, mitihani ameimaliza, au bado analala na vitabu kifuani? Sisi tuko wazima. Vumbi linatukohoza, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, lakini tunakula na tunalala.

Papa wetu yuko hai, na jana alikula. Naliweka hilo mbele ili usisome haya mengine ukiwa umeshika moyo.

Sauti uliyonitumia nimeisikia. Unasema tumtoe Papa katika nyumba ya wazee mara moja, kwa sababu mtu anayegeuzia chakula mgongo amekwisha kuanza safari. Sikukujibu kwa simu maana kwenye simu mimi nawe tunapigana. Karatasi inanipoza. Guelor, kijana wa jirani, anapanda ndege kesho, atakupa barua hii mkononi kabla ya Jumapili. Utaona mwishoni kwa nini Jumapili ni muhimu.

Unakumbuka vita niliyokupiga ulipopendekeza nyumba ile ya watawa. Sasa ni mimi ninayekuomba usimtoe. Usicheke. Sijabadili dini, nimebadili adui. Kwa ndugu yetu Jean-Claude hawezi kurudi. Mtoto aliugua, mchungaji akaota ndoto, na Papa, aliyewalisha wote kwa mshahara wa reli, akaitwa mchawi mezani pake mwenyewe. Wanaopiga kifua kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake, waje walale wiki moja katika ua ule, kisha watuhutubie. Na kwangu unakujua: chumba kimoja na ngazi ambazo magoti yake hayaziwezi.

Nikueleze sasa kilichomlaza.

Kitanda cha pili katika chumba chake kilikuwa cha Mzee Abibu, fundi cherehani, Mwislamu wa kutoka Maniema. Walitaniana tangu alfajiri. Papa alimwita mwizi wa vitambaa, yeye akamwita Papa treni ya Kamina, inayochelewa daima. Nilipokuwa nikiingia na chakula, Abibu alikuwa akisema, “Mama Brigitte, karibu! Baba yako tunamungojea tangu jana, lakini anasema iko njiani.” Papa naye: “Nyamaza weye. Suruali yenye ulinishonea, muguu moja inaenda Likasi, ingine inabakia Lubumbashi.” Walikuwa wamewekeana ahadi ya watani: atakayetangulia, mwenzake atakuja kwenye kilio chake, atalala mlangoni, atamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke. Unaijua desturi hiyo. Ndiyo iliyomzika babu.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, kitanda cha Abibu kilikutwa kimetandikwa. Mamere Lydie, mtawa anayeongoza nyumba ile, aliwaambia wazee kwamba ndugu zake wamekuja kumchukua, amekwenda kupumzika kwao Kasongo. Wazee wakasema, “Asante Mungu.” Papa alitazama juu. Mita ya Abibu, ile ya kupimia nguo, ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda.

Ndipo alipogeukia ukuta. Nilileta bukari, ugali wake wa kila siku, na samaki wa Kasenga, akasema ameshiba. Nilileta redio, akasema inapiga kelele. Daktari alimpima malaria, akampima damu, akasema mwili wake ni mzuri kwa umri wake, lakini roho imechoka. Bijou, dada anayewahudumia, alinivuta pembeni. “Mama, huyu papa anasikilizaka mulango. Kila gari ikiingia asubui, anafunika kichwa.”

Unajua ninasoma kila kinachopita mbele yangu. Nimesoma hata maandishi ya madaktari wa huko kwenu wanaochunguza nyumba za wazee. Wanaandika kwamba wazee wenye huzuni nzito hufa mapema kuliko wenzao, na bado wanabishana kama huzuni ndiyo inayoua, au ni ugonjwa uliojificha unaotuma huzuni mbele yake. Wabishane, ni kazi yao. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: Papa anaogopa nini?

Nilimwuliza siku moja, tukiwa wawili tu. Alijibu akiutazama ukuta. “Fundi anaenda safari anaacha mita yake? Bitanda bitatu nimeona binatandikwa ivi. Wote banasema bameenda kupumzika. Hapa mutu hafe, Brigitte. Anapotea tu, sawa mufuko ya plastiki na upepo. Na mimi, bataambia bantu nimeenda kwetu Mitwaba.”

Yaya, hapo nilisimama nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mamere. Nilikuwa na hoja za kutosha kuiangusha serikali. Lakini mama yule hakunipa nafasi ya kuzitumia, maana hakunidanganya hata kidogo. Alikiri: Abibu alikufa usingizini, watu wa msikiti wakamzika siku ileile kama dini yao inavyotaka. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, “Mama, mbele tulikuwa tunalia hapa ndani. Tulifanya kilio moja, mwezi ileile tukazika bazee bengine. Nikasema basi, nitabafichia. Ni mapendo, hapana uongo.”

Nilimwamini. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, maana mtu mbaya ni rahisi kumpiga. Nilimwambia kwamba wazee hawa wamezika wazazi, wake, waume na watoto. Kifo wanakijua kuliko sisi. Wasichokiweza ni kufa bila kuliliwa. Mtu anayejua kwamba asubuhi kitanda chake kitatandikwa na jina lake litapelekwa Kasongo, ale chakula cha jioni kwa ajili ya nini? Nikamwomba aje nami jikoni wakati sahani zinarudi. Sahani za chumba kile, na za vyumba viwili vya jirani, zilirudi kama zilivyokwenda. Mamere alizihesabu moja moja. Kisha akasema, “Tutafanya kilio. Mchana. Bila ngoma.”

Tulifanya kilio Jumamosi iliyopita. Nilimtafuta Amida, mpwa wa Abibu, anayeuza vitenge soko la hapa Kenya. Alikuja na jamaa wa msikitini, wakasoma dua. Mamere alisimama mbele ya wazee, akatamka wazi kwamba Abibu amekufa, na siku aliyokufa. Mama mmoja kipofu akaanza kulia, wengine wakafuata, na mimi, ambaye nilikuwa nimekwenda pale kama hakimu, nikalia kuwapita wote.

Papa alikuwa bado ndani. Nilidhani nimeshindwa. Mara nikasikia fimbo. Alitoka na koti lake la reli, mita ya Abibu shingoni, akaketi katikati ya mlango na kunyoosha miguu.

“Hapa hakuna mutu atapita!” akasema. “Huyu mwizi anakimbia na suruali yangu! Abibu! Unaenda kujificha kwa Mungu? Muambie Mungu afunge makabati yake, bitambaa bitaisha!”

Wageni wa msikitini wakatazamana. Nilitaka ardhi inimeze. Ndipo Amida akashika kiuno. “Muzee, toka mulangoni! Mujomba alituambia: siku yangu ya kilio, treni itachelewa. Angalia, kilio inaisha, njo sasa unafika!”

Yaya, walicheka wazee wale mpaka mmoja akapaliwa. Mamere alicheka akiwa amejifunika uso kwa kitambaa. Papa alicheka, kisha akalia, hapohapo mlangoni, na Amida akaketi chini kando yake. Jioni aliomba bukari.

Sikuandikii kwamba amepona. Jumatatu alirudi ukutani. Jumanne aliamka, akala nusu. Daktari amempa dawa za kuinua roho, na Papa anazimeza, kwa hiyo usiniletee vita ya dawa. Lakini Mamere ameahidi kwamba hakuna tena kitanda kitakachotandikwa kimyakimya, na Papa hafuniki tena kichwa gari likiingia.

Limebaki jambo moja, nalo liko nyumbani kwako. Jana aliniuliza, “Sasa mimi nani atanitukana? Mutani yangu ameenda.” Nikasema mimi. Akanitazama kama nimetapika. “Weye uko mutoto yangu. Hauna ruusa. Ni bajukulu.” Watoto wa Jean-Claude wamefundishwa kumkimbia. Mjukuu aliyebaki ni Kiki.

Kwa hiyo nakuomba hivi: usimtoe Papa, mpe mtani. Jumapili Kiki apige namba ya Bijou baada ya misa. Mweleze kwamba si utovu wa adabu. Kwetu mjukuu ana haki ya kumwita babu mume mvivu, mchumba asiye na meno, chochote atakachobuni, na babu ana wajibu wa kumjibu. Kiswahili kikimshinda, Kifaransa nacho kinatukana vizuri. Kama ataona haya, aanze kwa kuuliza kama treni ya Kamina imefika. Asiogope kimya kitakachofuata, babu yake anahitaji muda wa kuvuta pumzi.

Msalimie sana wifi yangu, na Kiki mkumbatie kwa niaba ya sisi sote. Bijou na Mamere Lydie wanakusalimu, Amida pia, ingawa hamjaonana. Mungu akulinde katika kazi na barabara, akunyooshee huo mgongo, na akupe uzee wenye mtu wa kukucheka.

Nilipotoka kwa Papa leo, alikuwa ameketi kitandani, simu ya Bijou juu ya goti. Nilimwambia ni Alhamisi tu, simu ni Jumapili. Akasema anajua, anapanga majibu.

Mdogo wako akupendaye, hata anapokukunjia ngumi,

Brigitte