Kinga Ipi, Mama?

Mamangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifunza kuanza na heshima hata nikiwa nimenuna. Na leo nimenuna, wala sijui nimnunie nani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifunga mwani pale Kibuyuni, maji magotini, ukinicheka kwamba mafundo yangu yanafunguka kabla sijarudi ufukweni? Siku ulipochomwa mguu na kijiti cha kufungia kamba za mwani, ulisema kama kawaida yako, "Maji ya chumvi yenyewe dawa." Mguu ukavimba, homa ikapanda, tukakukimbiza hospitali.

Daktari alitueleza, mimi na mama mdogo, kwamba vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Dawa inaviua, na bila dawa hakuna matumaini. Lakini kijidudu kina ukuta wake, na kikifa ukuta huo huvunjika vipande. Mwili ukikutana na vile vipande hudhani adui bado yupo, ukazidi kupigana. Kisha akasema, "Kinga yake imepita kiasi. Sasa ndiyo inayomuumiza."

Mama mdogo hakungoja. Alikwenda kitandani akakufungua hirizi ya mkononi, ile ambayo nyumbani hatukuiita kwa jina jingine ila kinga. Nikamwambia, "Siyo hiyo, mama mdogo, ni ya mwilini." Alikuwa keshaitia mkobani. Alfajiri ukafariki.

Tangu hapo chakula hakimpiti kooni. Anaamini ni yeye aliyekuacha wazi. Jana nilimketisha jikoni nikamweleza upya habari ya kuta na vipande vyake, kwamba hirizi haihusiki, ni mwili wenyewe uliopigana ukapitiliza. Akakoroga uji wake bila kuunywa, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo dadangu alijiua?"

Nikachanganyikiwa, mama. Nilitaka kumtua mzigo, nikamtwisha mwingine. Nikamkasirikia daktari, nikaikasirikia dawa, kisha nikakukasirikia wewe, astaghfirullah, kana kwamba uliamua. Mwili ule ule ulionizaa, ndio uliokuondoa? Hata sasa naelewa maneno yote, maana yake inanikataa.

Leo asubuhi ndipo nilipomjibu. Nilimwambia hukujiua. Adui walikuwa wameshakufa, ila mwili wako haukupata habari. Akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Sijui kama nilisema sawa.

Mola akupumzishe, mama. Pumzika sasa, hakuna tena wa kupigana naye.

Kitindamimba wako