Neno Alilolituma Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Barua hii na ikukute mzima, wewe na mama, na mguu wake uwe umepoa. Mimi mwili haujambo. Ya moyo utayasoma huku mbele. Wapwa zangu nawasalimu, ila usiwasomee haya kabla hujayamaliza mwenyewe.

Kazi yangu melini ni ileile, kusimama juu kwenye upepo na kusoma ishara. Redio tulikatazwa, maana adui ana masikio, kwa hiyo maneno yote yalipita kwa taa na bendera. Shemeji alipangwa na kikosi cha kwanza: watue ufukweni, kisha yeye aziongoze mashua zitakazofuata. Kabla hajashuka alinitania kwamba mimi husoma bendera kama mtu aliyepokea barua ya mkwe, midomo ikinicheza. Nikamwambia ashike njia, wenzake wanamngoja. Tuliagana hivyo, dada, kwa mzaha.

Kulipopambazuka nilimwona kwa darubini, kasimama juu ya jiwe peke yake. Taa yake ilikuwa imevunjika, akawa anatumia bendera. Nilimjua kwa mkono wa kushoto, ule aliouvunja alipoanguka akiezeka jiko lako. Siku zote huchelewa kupanda. Ubavuni mwa meli mashua zilikwisha kujaa askari, huyu anatapika, yule anasali, injini zinanguruma. Nikasoma neno kwa neno, nikimpaazia nahodha sauti: "Msilete mashua. Maji yametegwa mabomu."

Nahodha aliniuliza kama nina hakika. Nikasema, "Mkono ule naujua, mkuu. Ni shemeji yangu." Kisha akaniamuru niulize kama kuna upenyo wowote wa kuwafuata wao waliokwisha kutua. Nikapiga taa. Jibu likaja kwamba hakuna. Nahodha akavua kofia, akaamuru mashua zirudishwe. Askari waliokuwemo walishangilia, hawajui wanashangilia nini. Sikuweza kuwatazama.

Dada, najua wakubwa wamekuletea habari kwamba mumeo hajulikani alipo. Mama ameniandikia kuwa kila meli ikifunga gati unakwenda kuulizia, na ukirudi huli. Ndiyo maana nimeshindwa kukaa kimya. Alipo panajulikana.

Meli ilipoanza kugeuka nilimpigia taa tena, bila ruhusa ya mtu: "Nimwambie nini dada?" Nahodha aliniona, akageuza uso. Shemeji alitulia kidogo, bendera zimeshuka, vile afanyavyo ukimwuliza kama chumvi imetosha. Kisha akaandika herufi moja moja, hana haraka, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake: "Asingoje."

Risasi zikatoka vichakani. Nilimwona akianguka, dada. Hakuinuka. Sikuishusha darubini mpaka moshi ulipofunika ufuko wote.

Basi usiende tena bandarini. Lia, dada yangu, na mimi huku nalia. Nikipata likizo nitakuja tuomboleze pamoja. Mama mwambie wewe, taratibu, asije akayasikia kwa majirani. Wabusu watoto, na mkubwa wao mwambie baba yake alirudisha watu wengi kwao.

Ni mimi nduguyo,
Kitindamimba