Meno ya Kaka Marwa

Jumatatu, 2 Juni

Uji tena. Uji wa mtama asubuhi, mchana ugali uliolowekwa kwenye maziwa. Nyama naiangalia tu. Safu yote ya juu ya meno iling'olewa mwezi wa tatu, fizi zilikuwa zimeoza. Ya chini yapo kumi. Yananisaidia nini? Yanagonga hewa.

Ghati amekuja mchana, binti wa marehemu kaka yangu Marwa. Watu wa mchumba wake wanakuja tarehe 14 kuzungumza mahari. Anataka msemaji wa nyumba yao niwe mimi. Baba mdogo ni wewe, anasema, nimtafute nani tena? Nimekubali. Na katika kukubali nikamtemea mate mkononi. Akajifanya hajaona. Aibu mpaka masikioni.

Miaka thelathini nimefundisha darasani. Sasa kila neno linatoka na upepo.

Alhamisi, 5 Juni

Tarime, kwa daktari wa meno. Binti mdogo, ana heshima. Shikamoo kwanza, ndipo akanifungua mdomo. Nilidhani nitaulizwa kama nataka meno, nitajibu ndiyo, basi. Kumbe ni somo zima! Niliandika kwenye karatasi na sasa sielewi mwandiko wangu mwenyewe.

Kuna meno ya kuvaa na kuvua. Yanashika kaakaa kwa kufyonza, usiku unayaweka kwenye maji. Kuna vipandikizi, vyuma vinavyopandwa ndani ya mfupa wa taya, halafu unasubiri miezi mpaka mfupa uvishike. Juu ya vyuma unaweza kubana meno ya kuvua. Au yakafungwa moja kwa moja, asiyatoe mtu ila daktari. Hapo ndipo nilipopotea. Yaani kuna ya kuvua yenye vyuma na ya kuvua yasiyo na vyuma? Ndiyo, mzee. Nikauliza kuhusu daraja la meno, maana mwalimu mwenzangu analo. Akasema daraja hushikwa na jino la huku na jino la kule. Mimi juu sina hata moja la kulishika.

Vipandikizi hadi Mwanza, na sukari yangu ishuke kwanza. Bei yake sitaki hata kuiandika. Ya kuvaa ndiyo ya haraka, na haraka yenyewe ni wiki tatu au nne. Zimebaki siku tisa!

Kwenye benchi mama mmoja wa Sirari, kule mpakani, aliniambia niende Kenya, eti huko wanakufunga meno kwa skrubu leo, wiki ijayo unatafuna mahindi choma. Daktari anasema miezi. Nani mkweli? Nimerudi nyumbani Machochwe kichwa kinauma kuliko taya.

Jumapili, 8 Juni

Haya sasa.

Marwa alikuwa na safu ya juu ya kuvaa. Vitu vyake vilipogawanywa baada ya matanga, koti lilikuja kwangu. Meno wazee wa ukoo waliyaacha, kitu cha mdomoni hakikuwa na mgao. Leo baada ya ibada wameniita. Wameamua. Mmezaliwa tumbo moja, taya ni moja. Anayemsemea binti wa Marwa avae ya Marwa. Nilicheka. Wao hawakucheka.

Shemeji Wankuru, mjane wake, ameyaleta kwenye leso. Nimeyaosha kwa chumvi mara tatu na bado sijayatia mdomoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimeyatia.

Yanacheza kidogo nyuma. Lakini nikasema "salamu", nikasema "sisi sote", maneno yakatoka safi! Nikaenda kwenye kioo nijione. Nikatabasamu, na kwenye kioo akatabasamu Marwa. Marwa kabisa. Niliyatoa upesi, nikayarudisha kwenye leso.

Nimempigia daktari. Amekuwa mkali. Yavue, mzee, fizi ya kila mtu ina umbo lake, utapata vidonda, njoo Jumatatu tuchukue vipimo vyako. Wazee wanasema vaa. Fizi tayari inawaka upande wa kulia. Nikivaa naumia, nisipovaa nawatemea wageni mate. Sijui. Kweli sijui.

Jumamosi, 14 Juni

Niliyavaa.

Wageni walifika saa nne. Msemaji wao mzee wa kijiji cha Mbalibali, mtu wa maneno. Nikamjibu neno kwa neno, vizuri mno, nikaanza kujisikia. Akatania, nikacheka wazi.

Ghati alikuwa anapita na maji ya kunawa. Akanitazama. Birika likaanguka. Akasema "Baba." Hakusema baba mdogo. Akakimbilia jikoni analia kwa sauti, na mama yake naye akaanza.

Wageni wakaangaliana. Binti anayelia mahari ikizungumzwa, kwao maana yake amekataa. Mzee wa Mbalibali alishashika fimbo yake na kuinuka. Nikaona nyumba ya kaka yangu inavunjika mbele yangu, na anayeivunja ni mimi.

Nikageuka pembeni, nikayatoa, nikayafunga kwenye leso. Nikarudi kwao na mdomo mtupu. Nikasema binti hajakataa. Amemwona baba yake. Meno haya ni ya marehemu, mimi ni mdogo wake tu. Mate yakaruka, upepo ukatoka, sikujali.

Kisha yule mzee akavua kofia, akaitazama leso, akasema, "Mura, kijana wangu, basi na yeye yupo." Akaketi. Wakasogeza viti karibu ili wanisikie. Tumeelewana kabla ya saa nane.

Leso nimemrudishia shemeji. Sikumuuliza ataipeleka wapi.

Jumatatu, 16 Juni

Tarime. Nimechagua ya kuvaa. Vyuma tutaona huko mbele, sukari ikikubali. Daktari alinijaza mdomo ute wa kupimia, mtamu kama dawa ya watoto, tukasubiri ugande.

Akaniuliza meno yangu mwenyewe yalikuwaje. Makubwa? Yenye mwanya? Meupe au ya manjano?

Nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini. Nikamwambia sikumbuki.