Kibao cha Bendera Kimekaa Pasipo Pake

Byabato, munywani wangu,

Usinisalimie kwanza, nina hasira. Mimi na wewe ni ndugu wa damu, tulichanjana tumboni tukatafuna kahawa yenye damu, kwa hiyo aliyekudhulumu wewe kanidhulumu mimi. Na wamekudhulumu. Naandika kwa mkono wangu, simtumi mtu. Katekista alinifundisha miezi mitatu tu, lakini herufi zangu ni kubwa kuliko za waliokaa mwaka mzima.

Sikia. Wameweka kibao cha shaba barazani, wameandika: HAPA NDIPO BENDERA YA KARAGWE ILIPOPANDISHWA MARA YA KWANZA. Hapa wapi? Uwongo mtupu!

Siku ile mlingoti wa barazani ulikuwa umeliwa na mchwa kwa ndani. Kuvuta kamba tu, ukakatika, ukamwangukia mpiga ngoma. Watu wa kijiji cha Rugu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkama, mfalme wetu, kasimama, wageni wamesimama, bendera iko mikononi. Ni wewe uliyesema, "Njooni kwangu, kibanja changu cha migomba kiko juu, kila mtu ataiona." Ukakata mti wa mtoma uani kwako, mimi nikaubeba peke yangu, wanaume wanne walishindwa, unajua, nikauchimbia katikati ya migomba yako. Ukavuta kamba wewe mwenyewe, bendera ikapanda. Mkeo akapiga vigelegele.

Kosa letu ni moja, tuliusimika mbichi. Nani huku kwetu hajui kwamba mtoma mbichi ukiuchomeka unaota? Tulijua, ila haraka! Mvua zikaja, mlingoti ukatoa majani, bendera ikanaswa matawini. Karani wa wakati ule akaona aibu, akasimamisha bomba la chuma barazani. Ndilo wanaloliheshimu leo.

Jumapili baada ya misa wanakizindua kibao. Karani mpya, mtoto wa juzi, kaja kwangu: "Babu, wewe ndiye uliyebaki. Simama useme ni pale, tutakupa blanketi." Nikamwambia mlingoti wa kwanza uko hai, una kivuli, twende nikuonyeshe. Akacheka. "Babu, mti wenye majani nao ni mlingoti?" Nikamjibu, siku ile wewe ulikuwa unamkojolea mama yako mgongoni.

Nikaenda kwa mkeo nikitaka tukidai kibao kije kwako. Akanishika mkono. "Shemeji, nyamaza. Kibao kikija hapa, wenyewe watakuja nacho. Kesho wataniambia kibanja ni cha serikali, na kaburi la mume wangu limo humo."

Byabato, nilinyamaza. Mimi! Niliyemuua chui kwa mkuki mmoja, kaninyamazisha mwanamke, na ana haki. Nililia njiani, usimwambie mtu huko.

Basi kibao kibaki kwao, migomba ibaki kwa mkeo. Lakini Jumapili naenda. Blanketi sichukui. Wakiniita shahidi, sitasema ni pale, wala sitasema ni wapi. Nitasema aliyeipandisha ni nani, na baba yako alikuwa nani, kama anavyosifiwa shujaa, kwa sauti ile ninayoitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Wakininyamazisha, naanza upya.

Pumzika, munywani. Mimi bado nina mapafu.