Mota Sita Bila Waya

4 Machi

Kaka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwetu. Sisi wazima, cherehani nayo nzima, mgongo ndio unalalamika. Goti lako je? Shemeji yako anakusalimu, anasema umekuwa adimu.

Sasa usicheke. Nimelitoa tufe kwenye gunia. Lile lile la vipande vya alumini, linalojikunja likawa kama sufuria na kufunguka likawa pana kama chumba. Shule anayofundisha shemeji yako wanalitaka ukumbini, lining'inie juu ya watoto wakati wa kusomewa hadithi, liwe linafunguka na kujifunga. Nimelishonea kitambaa kipya.

Waya sitaki tena kuuona. Sababu unaijua. Natafuta mota za betri, za rimoti, zile zenye fimbo inayotoka na kurudi. Ziwe sita. Wewe ndiye Bwana Mageti, unazifunga kila siku. Nichague zipi?

Mdogo wako,
wa vidole tisa na nusu


19 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Goti liko vile vile, linapanda ngazi kwa hiari yake. Barua yako nimeisoma getini kwa mteja, nimekalia boksi la vifaa.

Usitazame nguvu peke yake. Pima kwanza fimbo inatakiwa itoke kiasi gani. Kwa tufe lako, sentimita kumi na tano zinatosha, zikizidi utavunja pini. Uliza betri inafungua na kufunga mara ngapi kabla ya kuchaji, wauzaji hawapendi kusema. Na zote sita ziwe za aina moja, zisikie rimoti moja, la sivyo hii itaanza leo na ile kesho.

Kuacha waya ni wazo zuri. Msalimie shemeji.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Huku tunashukuru, ila nimenuna.

Mota zimefika. Nilichaji zote, nikalitundika tufe sebuleni, nikabonyeza. Tano zikaenda, ya sita betri ikasinzia. Tufe zima likapinda kama mtu aliyelala vibaya, kitambaa changu kikachanika. Nikabonyeza lisimame. Tatu zikasikia, mbili zikajifanya viziwi mpaka nikabonyeza mara ya nne. Shemeji yako akaniuliza, "Na mtoto akiwa ameinua mkono?"

Nikamwambia hata hivyo ni afadhali kuliko kile kiungo changu cha waya wa swichi, kilichonigharimu kidole. Mkono uliounga vibaya ni huu huu wangu, sina wa kumlaumu. Mama mpaka anafariki alikuwa akiniambia, "Mwanangu, wewe shona. Nyaya waachie wenye mkono nazo." Nami naona alikuwa sahihi.

Nitaagiza nyingine, kubwa zaidi. Au unasemaje?

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Usiagize nyingine. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu uamue cha kufanya na mota na cha kufanya na mimi.

Siku ile sebuleni kwa Mama uliingia ndani ya tufe kukaza pini. Mimi nilishika swichi ya kusimamisha, ile yenye waya mrefu. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kushika swichi. Jirani akaniita kibarazani, ana habari za mpira. Nikaiweka swichi kwenye kiti, nikasema moyoni naenda mara moja. Tufe lilikuwa linafunguka taratibu, nikaona muda upo.

Likafika mwisho, likaanza kujifunga. Ukaita, "Kaka, simamisha!" Nilikusikia. Mara ya kwanza nilidhani unanitania, maana ulikuwa na tabia hiyo. Mara ya pili nikakimbia. Nilipoishika swichi, kidole kilikuwa kimeshabanwa. Wewe ulidhani limekwama lenyewe kwenye kidole. Hapana. Nilibonyeza, likasimama pale pale.

Waya wako ulikuwa mzima.

Walipokupeleka hospitali nilibaki kufunga nyumba. Nikauvuta ule waya ili ung'oke. Ulikataa. Nikachukua koleo. Jioni Mama aliponiuliza, nikamwambia nilibonyeza, haikushika, kiungo kilikuwa kimelegea.

Nilipanga kusema kweli kesho yake. Kesho yake nikakukuta na bandeji mpaka kwenye kiwiko, na kabla sijafungua mdomo ukaniambia, "Pole, Kaka. Nimekutisha na waya wangu mbovu." Wewe ndiye ulinipa pole. Nami nikaipokea. Miaka tisa naipokea. Ulipokuwa unajifunza upya kushika sindano kwa kidole cha kati, nilikaa mbele yako nikanywa chai.

Na mwezi uliopita nimekuandikia kwamba kuacha waya ni wazo zuri. Mimi, ambaye kila geti la rimoti ninalofunga naliwekea swichi ya waya pembeni. Rimoti huchelewa, betri hulala, lakini ukishakata umeme kwenye waya, mota haina ujanja. Nilijua hivyo, nikanyamaza, kwa sababu waya ungekuja na maswali. Unachagua mota kwa kufuata uongo wangu, na sasa kuna watoto watakaokaa chini yake.

Nimechoka kuwa mtu wa kupewa pole nawe.

Kaka yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Wiki sita sasa. Sidai jibu, sina haki hiyo.

Goti limekataa kazi za juu, siku hizi nakaa chini na kuelekeza wengine. Jana mteja mmoja aliniambia ile swichi ya pembeni inaharibu sura ya ukuta, niiondoe. Nikamwambia basi aniondoe na mimi. Akacheka. Mimi sikuweza.

Kama huwezi kuniandikia kuhusu mimi, niandikie kuhusu tufe. Umelitundika au umelirudisha kwenye gunia? Neno moja linanitosha.

Kaka yako


30 Juni

Nilirudi kwenye lile gunia. Ile swichi ya zamani bado ilikuwamo, na kipande cha waya wake. Miaka tisa sikuwahi kuitazama, kwa aibu. Nikaipeleka dirishani. Kiungo changu kiko pale pale, Kaka. Kimeshika mpaka leo. Ulichokata kwa koleo ni waya wa pembeni yake.

Nilikipakata nikalia. Kidole nilishakizoea. Nililia kwa ajili ya Mama, alivyoondoka akiamini sina mkono wa nyaya.

Barua yako shemeji yako ameisoma. Alitaka kuja huko. Nimemzuia, usiniulize kwa nini.

Kuhusu mota: nimezibakiza zile zile sita, zinafungua kwa rimoti. Ila betri zao ndogo nimezitoa, nimeweka moja kubwa katikati, zote zinakula hapo. Kwenye hiyo betri unashuka waya mmoja mpaka kwenye swichi. Ukibonyeza, zote zinakosa umeme kwa pamoja. Nimejaribu mara arobaini. Mara arobaini limesimama.

Sasa swichi inataka mtu wa kuishika. Sijasema nimekusamehe, na usije na maneno ya kuniomba mbele ya watu. Tarehe 14 Julai, saa nne asubuhi, ukumbini. Watoto hamsini. Simu utaiacha kwa shemeji yako.

Waya nimeuunga mwenyewe. Una mita sita, unatosha kusimama pale unapoliona tufe zima. Mlangoni haufiki.

Mdogo wako